Siku niliyosimama nyuma ya kitambaa cha blanketi, Mudzipela

Wakuu, salamu kwenu wote.

Haya yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa. Makabila sitataja. Waliokuwa Bunia wakati ule wanajua.

Wakati wa vita ya Ituri, Kongo, nilikuwa nashona kwa Mama Lotsove, pale mtaa wa Mudzipela, Bunia. Yeye alikuwa wa kabila moja, mimi la pili. Tulitengeneza blanketi za vipande, zile za matabaka mawili na pamba katikati.

Kwa wasiojua: kitambaa cha chini ndicho kinachoanza kupanda kwenye fremu. Fremu yetu ilikuwa ya mbao, ndefu kuliko kitanda, imesimama wima karibu na ukuta, ina miti miwili ya kuzungusha, mmoja juu na mmoja chini. Kila mti umepigiliwa ukanda wa turubai. Unabandika kitambaa kwa pini kwenye turubai ya juu, kinaning'inia hadi chini, halafu ndiyo unakizungusha. Unaanza katikati, unaenda pembeni. Ukianzia pembeni kitavimba, na blanketi itapinda.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumebandika katikati tu, risasi zikaanza. Tukasikia wapiganaji wanaingia nyumba kwa nyumba, wanatafuta watu wa kwetu.

Mlango ulikuwa mmoja. Mama Lotsove akaniambia nipite nyuma ya kitambaa, nisimame kati ya kitambaa na ukuta, nimeinamisha kichwa chini ya mti wa juu. Halafu akaendelea na kazi.

Nilikuwa naona ncha za pini zikitokea upande wangu, moja baada ya nyingine, zikinisogelea.

Wakaingia wawili. Mmoja akauliza nani iko humu. Mama akajibu yuko peke yake. Pini iliyofuata ikaingia kwenye bega langu. Nilibana meno. Yeye hakujua.

Yule mwanaume akashika kitambaa.

"Nyuma ya hii kuko nini?"

"Kuko ukuta," Mama akasema. "Lakini ukivuta, pini zote zitatoka. Mi nitaanza tena ku mwanzo."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kazi, siyo ya mtu anayeomba.

Yule mwanaume akaachia.

"Pardon, mama."

Wakatoka. Mama hakuniita. Alibandika mpaka pembeni, upande wote, ndipo akainua kitambaa akaona damu kwenye blauzi yangu. Akaketi chini.

Mchana kulipotulia kidogo alinifunga kitenge chake kichwani, akanisindikiza mpaka karibu na uwanja wa ndege, kwenye kambi ya wakimbizi. Baadaye nikavuka kwenda Uganda. Niko huku mpaka leo.

Vita ilipopungua nilirudi kumsalimia. Nikamuuliza kama siku ile aliogopa.

"Sana," akasema. "Ndiyo maana sikuacha kubandika. Ningeacha, angeangalia uso wangu."

Nilichojifunza: ujasiri si lazima uonekane. Mama Lotsove hakubishana na mtu wala kuhubiri. Aliogopa, akaendelea na kazi, na mimi nikaishi.

Waliopitia kama haya, karibuni muandike chini, hata mistari miwili. Wa kubishania makabila, huu uzi siyo wenu.

Mama bado anashona, ila macho yamepungua nguvu. Ananilalamikia pini za sokoni Bunia, vichwa vyake vidogo mno. Mwenye kujua duka la Kampala lenye pini ndefu za kichwa kikubwa aniambie. Nataka kumpelekea.