Tone Chini ya Gari Jekundu

Juzi, hapa Mbuji-Mayi, niliona mafuta yakidondoka chini ya gari, na harufu yake ikanirudisha utotoni, uani kwetu Musonoi, mtaa wa Kolwezi. Papa alikuwa amelala chali chini ya gari la mbio la jirani yetu, Tata Ngoy, jekundu lililopauka. Siku zile sisi watu wa Kasai tulikuwa tunafukuzwa Kolwezi na wenyeji kama yeye.

"Kesho munaenda ku gare na benzenu," Tata Ngoy alisema bila kumtazama papa, akimaanisha stesheni ya treni za kuturudisha Kasai. "Lakini umalize gari kwanza."

Papa alikata kipande cha katoni, akakipaka sabuni ya kufulia, akakibana palipovuja. Kisha akatandika gazeti chini ya injini, akaniambia nilichunge. Injini ikanguruma hadi mabati ya jikoni yakatetemeka. Nilikuwa na hakika kwamba mtu hawezi kumfukuza aliyemtengenezea gari, kwa hiyo nikaomba tone lisije.

Halikuja. Tata Ngoy akampa papa mkono, akacheka kwa furaha.

Nikakimbia ndani. "Mama, mafuta haitoke tena. Fungula bintu."

Mama alikuwa anafunga godoro na vitu vyetu vingine kwa kamba. Alinitazama kidogo, kisha akanipa ncha ya kamba.

"Kokota, mutoto wangu," akasema. "Kokota nguvu."