Mlinzi wa Olaya anayetafuta kaburi la pacha wa Abeokuta

Saa saba mchana, jua la Riyadh limekaa utosini. Absalom Mudaki anasimama kwenye geti la jumba la ofisi mtaani Olaya, akiinua na kushusha kizuizi cha magari. Gari likipita anapunga mkono, anatabasamu kidogo, kisha anajibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Hii salamu ni ya kazi tu," anasema. "Ndani niko mtupu."

Mzaliwa huyu wa Vihiga, Kenya, baba wa watoto watatu, yuko Saudi Arabia mwaka wa tano sasa. Hulinda geti saa kumi na mbili kwa siku. Kazi ameizoea. Kinachomnyima usingizi ni kaburi asilojua liko wapi.

Aliishi chumba kimoja, mtaani Al-Shumaisi, na Kehinde Adeyanju, Mnigeria wa kabila la Wayoruba aliyekuwa akipiga pasi kanzu katika duka la dobi. Mmoja Mkristo, mwingine Mwislamu. Walipika pamoja, ugali wa Absalom kwa mchuzi wa Kehinde uliojaa pilipili hadi ukawatoa machozi.

Wakila, Kehinde alimsimulia mji wao wa Abeokuta: mwamba wa Olumo uliowaficha babu zao wakati wa vita, na soko la vitambaa vya adire, ambavyo mama yake huvitia rangi ya nili.

"Alikuwa ananiambia, 'Brother, siku moja utapanda Olumo na mimi.' Kila wiki ni mwamba huo huo," Absalom anakumbuka.

Mwaka juzi, msimu wa Hija, mwenye duka alimpeleka Kehinde Jeddah kwa muda. Huko aligongwa na gari akivuka barabara, akafa.

Absalom aliomba ruhusa kwa msimamizi wake aende mazishini. "Akaniuliza, 'Ni ndugu yako?' Nikasema ni rafiki. Akasema, 'Halas, imeisha, rudi kwa geti.'"

Kehinde akazikwa bila mtu wake hata mmoja.

Likizo ya Absalom ilipofika, mwaka jana, hakwenda Vihiga. Mkewe, Rosebellah, alimwambia kwa simu: "Enda kwa hao watu kwanza. Hata mimi ningetaka mtu aje aniambie." Absalom akafunga nguo za marehemu kwenye begi, akasafiri hadi Lagos, kisha akachukua gari hadi Abeokuta.

Kwenye stendi, mtu alimpungia mkono. Alikuwa Kehinde.

"Nilijua ana pacha. Lakini kujua ni kitu kingine," anasema. "Sura ile ile, mwanya ule ule, vile anatembea. Nilikaa chini, jameni, hapo kwa vumbi."

Pacha huyo, Taiwo, alimpandisha Olumo kesho yake. Walipita ngazi zilizochongwa kwenye jiwe, wakainama kuingia mapangoni. Kutoka juu waliona mapaa ya bati yenye kutu yametandaa hadi mtoni, huku watalii wakipiga picha na kucheka.

"Kila kitu kilikuwa vile Kehinde alisema. Nikashindwa kufurahia."

Waliposhuka, walimpitia mama yake Taiwo sokoni Itoku. Huko Absalom aliona vinyago vidogo vya mbao, viwili viwili. Taiwo alimweleza kwamba zamani, pacha akifa, mama alichongewa kinyago, akakiogesha, akakivika na kukilisha kama mtoto. "Sisi ni Waislamu. Hatufanyi hivyo tena," alisema.

Mama, ambaye wenzake sokoni humwita Iya Ibeji, yaani mama wa pacha, alikishika kinyago kimoja kwa mikono iliyogeuka bluu kwa nili hadi viwikoni. Akakirudisha mezani. Kisha akamgeukia mgeni, Taiwo akitafsiri.

"Mwanangu, walimweka wapi?"

"Jeddah, mama."

"Wewe uliona?"

"Sikuona, mama."

"Basi hujaniambia kitu."

Begi la nguo, mama alikataa kulifungua. Alisema mwenye nguo atakuja kulichukua.

Mwezi uliopita Absalom alipata mapumziko, akapanda basi kwenda Jeddah, kwenye makaburi aliyotajiwa na mwenye duka la dobi. Alikuta safu kwa safu za mawe yasiyoandikwa kitu. Mzee Msudani anayeyatunza alitikisa kichwa. "Mafi ismu," alimwambia. Hakuna majina.

Absalom alimpigia Taiwo simu ya video. Mama akaichukua, akazitazama safu zile.

"Ni lipi?" aliuliza.

"Sijui, mama."

Simu ikakatwa. Tangu siku hiyo mama hapokei simu zake.

Duncan, dereva Mkenya anayeishi Jeddah, ameahidi kuwatafuta wanaume waliomwosha na kumzika Kehinde. Hadi leo hajapata hata mmoja. Wengi wamesharudi makwao.

Absalom naye anataka kuondoka. Mkataba wake unaisha mwakani, na anasema hatatia sahihi mwingine.

"Nataka Rosebellah na watoto wanione nikitoka pale airport na miguu yangu," anasema, akiangalia lami inayometameta kwa joto. "Nimemwambia bosi. Amesema tutaongea."