Kichaka cha Mlimani na Ndoo ya Shangazi

Shangazi yangu, mtunza bustani wa shule, watu walimbatiza Mama Mbolea, na jina alilipenda. Walimu walimtania kwamba akiimwagilia hata nguzo ya bendera itatoa majani.

Nyuma ya shule kuna mlima wa mawe matupu, na katikati ya mawe yale huota kichaka chenye maua mekundu. Shangazi akang'oa kimoja, akakipanda mbele ya ofisi, kisha akaropoka mbele ya walimu wote: "Siku ya wageni kitakuwa kimechanua. Kisipochanua, nakabidhi ndoo!"

Jamani, nani alimtuma? Tangu afiwe na mumewe, bustani ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani.

Akakidekeza. Maji asubuhi, maji jioni, samadi usiseme. Kichaka kikanenepa, majani teletele. Ua? Hata la dawa! Mlinzi wa getini kila akipita anauliza, "Mama Mbolea, mgonjwa wako leo kala?" Shangazi anamkata jicho.

Mwezi mmoja kabla ya wageni, akateleza kwenye tope lake mwenyewe, akateguka mguu. Kazi ya kumwagilia nikaachiwa mimi, mfagizi wa shule hiyohiyo. Kila jioni ananiuliza, "Umekimwagilia?" Nami, "Nimekimwagilia, shangazi." Uongo mtupu. Bomba liko mbali, jua kali, na mimi uvivu ninao, sifichi. Wiki ya pili majani yakapukutika yote. Nikaogopa hata kupita pale.

Siku ya wageni shangazi akaja akichechemea, ndoo mkononi, tayari kuikabidhi. Kufika, kichaka hakina jani hata moja. Ni maua matupu, mekundu, mpaka wageni wanapigana vikumbo kukipiga picha.

Machozi yakamtoka. "Mwanangu, una mkono kunishinda. Shika ndoo. Bustani ni yako."

Nikaungama. "Shangazi, sikukimwagilia hata tone!"

Akanitazama. Akautazama mlima. "Kumbe," akasema polepole, "kule nani hukipelekea maji?" Halafu akaninyang'anya ndoo yake kwa nguvu, nusura anitoe kidole.

Siku hizi mbele ya ofisi kuna safu nzima ya vichaka vile, kwenye kokoto alizozimwaga mwenyewe. Amenikabidhi rasmi.

"Hivi ni vyako," aliniambia. "Usivifanyie chochote. Hiyo kazi unaiweza."