Nilimwaga Kichupa kwa Ajili ya Huyo wa Kushoto

Kosa ni langu, simsingizii shetani. Nina wivu tangu utotoni, na mume wangu nilimpenda hadi nikawa nanusa mashati yake.

Yeye ni Mtaita wa Ronge, mwalimu wa kemia hapa Voi, na alikuwa akisomea digrii ya pili Nairobi. Sisi kwetu ni Waswahili, basi Kiswahili chake nilikicheka kila siku. Kwake hata sufuria "ameungua".

Siku moja nilimfuata posta. Yumo kwenye kibanda cha simu, laini mbovu, anampigia kelele rafiki yake wa Nairobi: "Kwa maji alikuwa wa kulia. Nikamweka kwa spiriti, akageuka! Huyu wa kushoto anang'aa kuliko yule wa kwanza!"

Jamani, niliona giza. Shuleni kwao yuko mwalimu wa kike, Mghoi, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Sasa yule wa kwanza, asiyeng'aa, ni nani kama si mimi?

Nikakimbia nyumbani nikapekua mkoba wake. Nikakuta kichupa kimefungwa kitambaa vizuri, kama marashi ya zawadi. Nikakimwaga chooni, na chupa nikaitupa humohumo.

Jioni akaniuliza, "Mama Rehema, kichupa yangu amekwenda wapi?"

Kichupa amekwenda. Kama vile sufuria ameungua. Kumbe hata huyo wa kushoto hakuwa mtu!

Ilikuwa dawa ya utafiti wake. Ukiimulika kwa taa ya mwanga wa zambarau, ile wanunuzi wa vito wanayopimia mawe, inang'aa nyekundu. Alinieleza kwa viganja vyake: chembe zake ni kama mikono, kuna za kulia na za kushoto, na ukibadilisha maji kwa spiriti, za kulia zinageuka kuwa za kushoto. Hakuwa na nyingine, wala madini ya kuitengeneza hayakupatikana tena. Digrii ikafia hapo.

Hakunipiga, hakunitukana. Wallahi, heri angenitukana. Aliacha tu kuniambia mambo yake.

Siku hizi akiwa na neno humwambia Mghoi, wanabaki maabara hadi jua linazama. Zamani hawakuwa na lolote, aliniapia nami namwamini. Sasa sijui, na sina uso wa kuuliza.

Dada zangu, mkisikia jambo, ulizeni kabla hamjamwaga. Mimi nilipigana na mwanamke asiyekuwepo, nikamtafutia mume wangu mwanamke wa kweli.