Bunduki Yenye Magoti

Jumatano, mwezi wa tatu. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuunguza, na jioni hii mawingu yamerudi kukaa juu ya Sibwesa bila kusema yanataka nini.

Kijana wangu mkubwa amerudi leo kutoka Mpanda mjini na bunduki. Kibali alikihangaikia muda mrefu, kuanzia kijijini hadi polisi. Nalisema hilo asije akadhaniwa vibaya. Aliishusha kwenye pikipiki ikiwa ndani ya mfuko wa mbolea, na mfuko wenyewe ulivyokuwa mfupi nikajua kaniletea sufuria. Akaitoa, akaikunjua, ikalia "ka!" Mkono wangu uliokuwa unachambua mboga ukasimama.

"Mama vipi, umeona nyoka?"

"Nimeona magoti," nikamjibu. Akacheka tu, akaenda kunawa.

Ngoja nikueleze wewe, labda utanielewa. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikichanganya mambo univumilie.

Tulipokuwa wadogo, msimu kama huu tulihamia shambani na bibi. Tulikaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia mazao, tukifukuza nyani mchana na kutafuna mahindi ya kuchoma mpaka midomo inakuwa myeusi. Chini kulikuwa na chungu cha maboga. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi mabichi yakigusa moto, nasikia na sauti ya bibi akituimbia kwa Kibende, huku jicho lake liko mtoni kwenye matete, walikokuwa wanalala nguruwe pori.

Mwenye bunduki upande wetu wa mto alikuwa mmoja, jirani yetu, mwanaume mrefu wa maneno machache. Bunduki yake ilikuwa kama hii ya leo: mtutu mmoja, risasi moja, inakunjika katikati. Wanawake walikuwa wanamtania kisimani. "Bwana, bunduki yako ina magoti kuliko wewe. Jumapili uilete kanisani iungame!" Naye anajibu, "Ikiungama hiyo, nyie mtakula nini?"

Nikitaka kuisema vibaya, haki ni kwamba niseme kwanza uzuri wake. Ilikuwa rahisi, mkulima wa kawaida aliweza kuinunua akiuza mahindi yake. Ilikuwa nyepesi. Aliikunja akaifunga kwenye keria ya baiskeli pamoja na jembe, na mikono yake miwili ikabaki kwenye usukani. Haikuwa na mambo mengi ndani ya kuharibika. Na kwa kuwa risasi ni moja, jirani hakupiga ovyo. Alisubiri mpaka mnyama ageuke ubavu. Bibi alisema mtu mwenye jiwe moja ndiye anayejua kulenga. Sijui kama ni kweli kwa kila mtu, ila kwake ilikuwa kweli.

Ubaya wake nao ulikuwepo, na wote tuliujua. Ilipiga teke, bega lake lilikuwa na alama. Nyundo yake ilivutwa kwa kidole gumba, na kidole chenye jasho huteleza. Bawaba ilishalegea, akaikaza kwa mpira wa baiskeli. Na ikishalia, basi, ni fimbo. Lazima uikunje, utoe ganda la risasi kwa kucha, utie risasi nyingine. Siku za unyevu ganda lilinata, kwa hiyo alitembea na kijiti cha kulisukuma kutokea mdomoni mwa mtutu.

Hapo ndipo ulipotoka ule utaratibu wetu, ambao sijawahi kuusikia mahali pengine. Bunduki ikilia, madungu yote yalijibu. Madebe, vifuniko, filimbi, vigelegele, kila mtu na alichonacho, ili wanyama wasijue kwamba bunduki sasa ni tupu. Tuliuita kumfichia. Sisi watoto tuliupenda mno, maana baada ya kelele ilikuwa nyama.

Siku moja, mawingu yakiwa chini kama leo, ililia. Bibi akashika debe, tukamfichia kweli kweli. Katikati ya kelele bibi akainua kichwa. "Kuna mbuzi analia huko?" Tukacheka. Ng'ambo walikuwa bado wanagonga, na sisi tukazidisha tusishindwe.

Ilibidi tuchoke ndipo tuone kwamba hakuna aliyekuja kutuita kubeba nyama.

Walimkuta kwenye matete. Dume la nguruwe lilijeruhiwa, likamrudia, likampasua paja. Bunduki ilikuwa imekunjwa, ganda limenata ndani, kijiti kimekwama kwenye mtutu. Walipompakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali, aliwatazama, akasema polepole, "Nimewaita mmoja mmoja kwa jina. Nyie mkanipigia ngoma." Njiani akafa.

Mwaka ule mahindi yaliiva vizuri sana. Bibi hakuyachoma.

Siwezi kusema bunduki ndiyo ilimuua. Kwa miaka ilitulisha. Wala kelele zetu. Pengine bila kelele angekufa mapema zaidi. Nimeligeuza jambo hili mpaka nimechoka, na kila upande nauona una haki yake.

Leo, kabla jua halijazama, kijana wangu amekwenda mtoni nayo, hapo chini ya nyumba. Nguruwe wanalala kwenye mahindi yetu siku hizi kama wamepanga. Madungu hakuna tena. Majirani wamelima mbali, waliobaki wana redio zao. Nilikuwa nakoroga ugali bunduki ikalia. Mara moja. Nikasubiri madebe, mazoea ya mwili tu. Kimya, kimya kabisa.

"Bibi, ni baba huyo?" mjukuu akaniuliza.

Nikawa nimeshika kifuniko cha sufuria na mwiko, na sijui la kufanya. Nikigonga, namfichia. Nikinyamaza, nitamsikia. Nikagonga mara moja, nikanyamaza, nikasikiliza. Nikagonga tena, nikasikiliza. Mjukuu alidhani ni mchezo, nikamziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

Matete yakatikisika mahali pawili, mbalimbali. Upande mmoja akatoka yeye, bunduki imekunjwa begani.

"Mama, ulikuwa unagonga nini?"

"Umempata?"

"Nimemjeruhi. Kaingia humo humo. Ganda limenigomea kidogo, kesho nitachonga kijiti."

Tumekula ugali na mlenda, na dagaa wa Ikola kidogo. Kijana amekula vizuri, akaomba ukoko. Mimi nimekula nimekaa upande wa mlango, nikitafuna polepole ili nisikie nje.