Mbwa wa Mbele wa Nukannguaq

Nukannguaq alihamia mjini kwetu na mbwa kumi na mmoja, baada ya kijiji chao cha kaskazini kubaki na nyumba mbili tu. Alitaka kitu kimoja: chama cha waendesha sledi, magari ya barafuni yanayovutwa na mbwa, kimpokee. Hapa kwetu Grinlandi asiye na chama hana pa kufungia mbwa, na mashindano ya Machi huyatazama kwa macho tu. Vyama viwili vilishamwambia vimejaa.

Akamwendea Ujuut, katibu wa chama chetu, mtu aliyewahi kuwinda naye sili baharini na kulala naye hema moja. Ujuut alimwambia asiwe na wasiwasi, jina lake litaingia, ila kwanza amwazime Paarnaq, mbwa jike aliyewaongoza wenzake kumi, akawafundishe mbwa wachanga wa Ujuut. Mtu wa huku atakuazima bunduki, atakuazima hata boti, lakini mbwa wa mbele hakupi. Nukannguaq alimtoa, kwani kwake Ujuut alikuwa ndugu.

Siku ya chanjo Ujuut alimpeleka Paarnaq, akaandikisha jina lake mwenyewe kama mwenye mbwa. Na katika chama chetu, mbwa ni wa yule aliyeandikwa kwenye karatasi ya chanjo. Mkutano wa kupokea wanachama na kuchagua timu ulipofika, jina la Nukannguaq halikusomwa. La Ujuut lilisomwa, na Paarnaq juu ya orodha ya mbwa wake.

Nukannguaq alisimama. "Ujuut, waambie huyo mbwa ni wa nani."

"Karatasi si inasema, ndugu yangu?"

"Sijaiuliza karatasi. Nimekuuliza wewe."

Ujuut akajimiminia kahawa. Mwenyekiti wetu, Mama Tobiasine, akauliza kama kuna mwanachama anayemjua mbwa huyo. Tulikuwa watu kumi na wanane, na wote tulimjua. Tukainamisha macho. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kwenye timu, na Ujuut ndiye aliyepanga majina. Aibu hiyo sina wa kumtwika.

Asubuhi Nukannguaq aliwafunga mbwa kumi waliobaki kwenye sledi. Wakavutana huku na huko, kamba zikasokotana, wakaanza kuumana, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwatangulia. Watu wakacheka. Basi akatangulia mwenyewe, akikimbia mbele ya mbwa wake juu ya barafu, kuelekea ng'ambo ya ghuba kwenye chama kingine, safari ya siku mbili.

Njia ilipita mlangoni kwangu. Nikamkaribisha kahawa, kana kwamba hakuna lililotokea.

Alisimama, akihema. "Mwezi wa kumi na moja barafu ilipopasuka, Paarnaq ndiye aliyekuvuta ukatoka majini," alisema. "Ujuut ana tamaa, huyo namwelewa. Wewe je?"

Akageuka, akashika tena mbio. Nilibaki na birika mkononi, nikimtazama mtu mzima akifanya kazi ya mbwa wake.