Kadi ya Pili ya Mama wa Nyamuswa

Kazi yangu benki ilikuwaga kubuni kadi za mkopo za wenye nazo. Daraja la chini tuliliita fedha, la kati dhahabu, la juu kabisa nyeusi. Hiyo nyeusi niliibuni mwenyewe, na niliringa nayo weee! Uwanja wa ndege unakaa ukumbi wa wakubwa, na mwenza wako anapewa kadi yake bure. Kwenye kipeperushi niliweka bwana wa suti na bibie, wanacheka ufukweni.

Mteja wa kwanza mkoa mzima wa Mara alikuwa mama mmoja mjane wa Nyamuswa, mwenye ng'ombe wengi na maghala ya mpunga Bunda mjini. Nilimfuata nyumbani kwake. Akakiangalia kipeperushi, akacheka.

"Mwanangu, hiyo ndege itatua wapi, kwenye zizi langu? Mimi nataka hii ya mwenza." Akamwita binti aliyebeba mtoto mgongoni. "Mwenza wangu huyu hapa. Nimemtolea mahari ya ng'ombe."

Mimi mtoto wa Buhare, huko huko Mara, nyumba ntobhu naijua: mama asiye na mtoto wa kiume anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Lakini sikuwahi kufikiria mtu wa hivyo nilipokuwa nabuni kadi. Mama alikuwa anakwenda Mwanza kufanyiwa upasuaji, na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ameshatangaza kwamba asiporudi, binti na watoto wake watafukuzwa. Kwa hiyo alitaka binti aandikwe mwenza na benki, kila mtu aone.

Nikampigia bosi wangu Dar, simu nikaiweka spika. Bosi akacheka mpaka akakohoa.

"Mwandike mtegemezi, yaishe."

Mama hakupandisha hata sauti. "Mwambie mkubwa wako mtegemezi hatolewi ng'ombe. Kama mwenza hamumtaki, na mimi msinitake."

Jamani! Nimekaa na matajiri wengi, wenye magari ya kutisha, ila mbele ya huyu niliona hata kiti nilichokalia kikubwa kwangu. Bosi naye aliacha kucheka. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, "Andika mwenza."

Kadi ya binti ilitoka siku ya upasuaji, ikabidi niipeleke mwenyewe hospitali Mwanza, nikamkabidhi. Mama alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Mhudumu wa mapokezi akauliza nani anamsimamia mgonjwa. Shemeji akajitokeza haraka, mkono tayari umeshika kalamu.

Binti, ambaye sikuwa nimemsikia akisema neno hata moja, akapita mbele yake. Akaiweka kadi juu ya kaunta.

"Mimi."

Mhudumu akalisoma jina na neno "mwenza" chini yake, akaiingiza kadi kwenye mashine, akasubiri.

"Imekubali," mhudumu akasema. "Baba, naomba umpishe mwenza wa mgonjwa aweke sahihi."